Kuishi Pemba na saratani iliyofika mifupani

Kwetu Pemba mtu mzima akiulizwa hali hujibu kwamba hajambo, hata kama amefikishwa hospitali kwa kubebwa. Kwanza anamshukuru Mungu. Habari za mgongo zitafuata baadaye, na mara nyingi hazifuati kabisa. Nimelelewa hivyo nami nimewalea wanangu hivyo. Lakini tangu saratani ya titi iliponirudia na kuingia mifupani, nimeona namna adabu hiyo inavyoweza kumkosesha mgonjwa dawa, hasa mgonjwa mzee, na ndilo lililonifanya niandike.

Nimepindukia miaka 70. Titi la kushoto lilikatwa zamani, nikanywa tamoksifeni, kidonge cha kuizuia homoni inayolisha saratani, kila siku kwa miaka 5, tukahisabu yamekwisha. Saratani ya aina yangu hulishwa na homoni ya estrojeni, na ina tabia ya kutulia muda mrefu kisha kuamka, hata baada ya miaka 10 au zaidi. Kwangu iliamkia nyongani. Kila aliyekuja kunitazama alikuwa na lake: baridi yabisi, upepo, uzee. Nilichuliwa kwa mafuta ya makonyo mpaka nyumba nzima ikanuka karafuu. Kilichonitia shaka ni usiku. Maumivu ya uzee ukijinyoosha hupoa; haya yalizidi nikilala, yakaniamsha, yakanikesha. Mwanamke aliyewahi kuugua titi, akipata maumivu ya mfupa ya namna hiyo, asikubali kuambiwa ni umri mpaka apigwe picha.

Majibu yalipotoka, wanangu walizungumza na daktari ukumbini, mie nikiwa nimeachwa ndani na mkamwana wangu anayetazama sakafu. Walitaka nisiambiwe. Nawaelewa, mapenzi ndiyo yaliyowatuma. Nikamwita daktari, nikamwambia: "Mwanangu, mwili huu ni wangu, na mimi ndiye nitakayezimeza hizo dawa. Niambie." Akavuta kiti, akaniambia bila kunificha kwamba ugonjwa huu umeshatoka titini, hautaondoka wote, lakini una matibabu, na watu huishi nao miaka. Lengo ni kuurudisha nyuma kadiri inavyowezekana, kuilinda mifupa na kuondoa maumivu. Siku ile nililala usingizi mzuri kuliko wiki zote zilizotangulia.

Sasa nirudi kwenye hilo la kusema. Mara za mwanzo daktari akiniuliza, "Hujambo bibi?" nilijibu, "Sijambo, alhamdulillahi," naye akaandika. Alikuwa mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, aliyelitambua jambo hilo. Alichukua daftari lake moja la skuli, akawa kila jioni ananiuliza: "Bibi, leo ngapi, tangu sifuri mpaka 10?" Nikimjibu "kidogo tu", hakubali. Akaacha kuniuliza namba, akawa ananiuliza mambo: Umeamka mara ngapi usiku? Umeweza kurukuu au umeswali juu ya kiti? Umekwenda chooni peke yako? Chakula umekimaliza? Yote anayaandika na saa ya kila dawa. Safari iliyofuata nilimpa daktari lile daftari kabla hajaniuliza hali. Alisoma kimya, kisha dawa zangu zikabadilishwa siku ileile. Alhamdulillahi yangu niliendelea kuisema, maana shukurani ni ya Mola. Habari za nyonga ni za daktari, naye hawezi kuzijua usipompa.

Ndipo nikapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi. Hiyo safari ndiyo iliyonitesa kuliko mionzi yenyewe. Boti kutoka bandari ya Mkoani hadi Unguja, na wakati wa upepo wa kusi mkondo wa Nungwi hauna huruma na mtu mwenye nyonga mbovu. Nilibeba kipande cha godoro la sponji cha kukalia, nikanywa dawa ya kichefuchefu na ya maumivu kabla ya kupanda, tukachagua kiti cha chini katikati, pasipoyumba sana. Unguja nililala kwa mtoto wa dada yangu na hatukuunganisha boti ya Dar siku hiyo. Vijana hupenda kuharakisha, lakini mgonjwa wa mifupa anahitaji ule usiku mmoja wa kujinyoosha.

Mionzi haiumi. Unalazwa juu ya meza, unaachwa peke yako kwa muda mfupi, mashine inazunguka, umemaliza. Kwa maumivu ya mfupa mara nyingi dozi moja hutosha, na hivyo ndivyo nilivyofanyiwa. Walinionya kwamba maumivu yanaweza kupanda siku chache za mwanzo na kwamba nafuu huja polepole, ndani ya wiki kadhaa. Ilikuwa hivyo hasa. Laiti nisingeonywa, ningesema nimeharibiwa.

Dawa inayoushika ugonjwa wenyewe ni kidonge kimoja kwa siku, letrozoli, miligramu 2.5. Mwanamke aliyekwishakoma hedhi bado mwili wake hutengeneza estrojeni kidogo, na kidonge hiki huzuia isitengenezwe, saratani ikakosa chakula. Hakikunipotezea nywele wala hakikunitapisha. Kinachonisumbua ni vidole kukakamaa asubuhi, navifungua kwa maji ya vuguvugu, na joto linalopanda ghafla hata msimu wa baridi. Kidonge hiki pia hupunguza nguvu ya mifupa, kwa hiyo napewa chokaa ya vidonge, yaani kalsiamu, na vitamini D, na dagaa nawala wazima na miiba yao.

Kisha kuna dripu ya mifupa, asidi ya zoledroniki. Kabla ya kuanza nilipelekwa kwa daktari wa meno, nikashangaa nyonga na meno vina uhusiano gani. Kumbe dawa hii inaweza kudhuru mfupa wa taya, hasa ukija kung'oa jino ukiwa umeshaianza. Nilikuwa na jino linalotikisika, likang'olewa, kidonda kikapona ndipo dripu ikaanza. Kila mara figo hupimwa kwanza. Dripu ya mwanzo ilinipa homa na maungo kuuma usiku mzima; zilizofuata hazikunifanya hivyo. Mwanzoni niliambiwa nirudi kila mwezi. Nikauliza kama hakuna namna nyingine, maana kila dripu kwangu ni bahari. Daktari akanieleza kwamba tafiti zimeonesha kuwa kupewa kila baada ya miezi 3 kunailinda mifupa kwa kiasi kinachokaribiana, akanibadilishia. Damu ya figo nikawa napimia Chake Chake, hapahapa Pemba, siku chache kabla, ili nisivuke maji kwenda kuambiwa rudi. Nisingeuliza, ningekuwa nasafiri mpaka leo.

Mofini, dawa kali ya maumivu, ilizua kelele nyumbani. Kisiwa hiki kinajua unga wa kulevya ulivyowamaliza vijana wetu, na mwanangu mkubwa aliposikia kwamba dawa ile na unga asili yake ni moja, alikataa kabisa. "Mama, hiyo ni ya watu wanaokufa." Muuguzi akamkalisha, akamfahamisha kwa upole: anayeinywa kwa maumivu na kwa kipimo alichoandikiwa si mlevi, maumivu yakipanda dozi hupandishwa, yakishuka hushushwa. Imamu wetu naye alipoulizwa alisema dawa kwa dharura haina makosa. Basi nikaanza. Ni dawa ya maji, chungu, kila baada ya saa 4, na ya kulala huongezwa ili usiamke usiku wa manane kuitafuta. Usingizi na kichefuchefu vilikwisha baada ya siku chache. Kufunga choo hakukwishi, mwili hauzoei, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inywewe tangu siku ya kwanza, na maji na papai juu yake. Mionzi ilipofanya kazi, mofini yangu ikashushwa, ikashushwa tena, na mwanangu akaona mwenyewe.

Kuhusu dawa za asili sitaki kumvunja mtu moyo. Kombe nimekunywa, ni maneno ya Mwenyezi Mungu na maji na zafarani. Habasoda hutiwa kwenye chakula chetu siku zote. Lakini mizizi iliyochemshwa ambayo hata muuzaji haitaji jina niliikataa, kwa sababu figo zangu ndizo zinazoamua kama dripu itatiwa au la. Wazee wenzangu wanaokunywa, nawaomba wamwambie daktari. Hatawafukuza.

Ndugu yangu aliyeko Maskati alisikia habari ya vidonge vipya vinavyonywewa pamoja na letrozoli, palbosiklibu, akataka ninunuliwe, na watoto wakaanza kuzungumza habari ya kuuza mikarafuu. Nilimuuliza daktari bila kificho: vitaniponya? Hapana, lakini vinaweza kurefusha muda ambao ugonjwa umetulia. Vinashusha seli nyeupe za damu, kwa hiyo vipimo vya mara kwa mara, na bei yake ni ya kila mwezi bila kikomo. Nilikaa nalo jambo hili muda. Mwisho nikasema mikarafuu ibaki. Mwengine angeamua vingine na angekuwa na haki. Mie ugonjwa wangu umetulia kwa kidonge kimoja, na mikarafuu ile ndiyo skuli ya wajukuu. Watoto walichangisha, nikawaomba mchango ule uwe wa nauli, na wa dawa pale zinapokosekana hospitali tukalazimika kununua duka la nje.

Nyumbani mambo madogo yamenisaidia sana. Ndoo siinyanyui tena, wala mtoto simbebi, nambusu nikiwa nimekaa. Mbuzi ya kukunia nazi nimeiaga, ni fupi mno kwa nyonga hii. Chooni tumetia bomba la kushikia ukutani na mkeka wa mpira usioteleza. Taa ya usiku haizimwi. Mfupa ulioliwa na saratani unaweza kuvunjika kwa kujikwaa tu, na mfupa wa paja ukivunjika katika umri huu ni msiba mwingine kabisa. Lakini msimu wa karafuu ukifika sikosi. Nawekewa kiti na meza barazani, zikiteremshwa natiliwa rundo langu, nachambua karafuu na makonyo mpaka viganja vinawaka. Vidole hukunjuka kuliko kwa maji ya moto.

Muuguzi alituandikia ishara ambazo hazingoji miadi, nasi tumezibandika nyuma ya mlango: miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, mkojo kunitoka bila kujua au kuziba, maumivu ya mgongo yanayozunguka kifua kama mkanda. Hayo yana maana uti wa mgongo unabanwa, na kuchelewa kunaweza kumpooza mtu. Nyingine ni kiu isiyokatika pamoja na kichefuchefu na kuchanganyikiwa, maana mifupa ikimomonyoka humwaga chokaa nyingi kwenye damu. Nimewaambia wote ndani ya nyumba: nikianza kusema maneno yasiyo na maana, nisiitiwe mganga wa kunipunga sheitani, wala isisemwe bibi amezeeka. Napelekwa hospitali kupimwa damu siku hiyohiyo.

Ramadhani ya kwanza ilinipa huzuni kubwa. Nimefunga tangu usichana wangu. Nikiwa na mofini ya kila saa 4 sikuweza, na daktari alitaka ninywe maji mchana ili figo zikae salama. Imamu akanifahamisha kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona hana deni la kulipa siku, ana fidya ya kumlisha masikini kwa kila siku. Basi nikawa napanga mwenyewe futari ya jirani mmoja mjane, leo muhogo wa nazi, kesho tambi, na kuionja nikaionja, kwa mara ya kwanza maishani mwangu kujua chumvi ya futari kabla ya adhana.

Daktari ameshaniambia kwamba letrozoli itafika siku ishindwe, na kwamba zipo njia nyingine za kujaribu, za homoni na za kemo, zile dawa kali za kuua seli za saratani. Nimemjibu tutazungumza siku hiyo, nikitazama nguvu zangu zilivyo. Lakini moja nimelisema mapema, mbele ya wanangu wote, na mjukuu wangu ameliandika katika daftari lile. Pale dawa za saratani zitakapokuwa zinanichosha kuliko zinavyonifaa, sitaki kuvushwa bahari tena. Mofini iendelee bila kukatwa, nilazwe chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, na wageni waruhusiwe kuingia. Mwanangu mkubwa alitaka kunikatiza, akasema mama tusizungumze hayo. Nikamwomba asome alichoandika mtoto, ahakikishe hakuna lililosahauliwa. Akasoma, kisha akaongeza kwa mkono wake jina la muuguzi wa kituo chetu atakayekuja kunitazama nyumbani.