Yoabu Alikuwa na Sababu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa jumuiya.

Somo la juma hili ni 2 Samweli 2:12 hadi 3:39. Ni refu, lakini msiliache katikati.

Sauli amekufa na taifa limegawanyika. Hebroni yupo Daudi na jemadari wake Yoabu. Upande wa pili yupo Ishboshethi, mwana wa Sauli, ila mwenye nguvu hasa ni jemadari wake, Abneri. Majeshi yanakutana kwenye bwawa la Gibeoni, hawa ng'ambo hii, wale ng'ambo ile. Wanaanza kama mchezo, vijana 12 kwa 12, na wote 24 wanaanguka palepale. Kabla jua halijazama, Asaheli, mdogo wake Yoabu, amekufa kwa mkuki wa Abneri. Abneri alimsihi mara mbili aache kumfuata, hakusikia.

Baadaye Abneri anakosana na Ishboshethi, anakuja Hebroni kupatana na Daudi, anakula mezani kwake na kuagwa kwa amani. Yoabu anamrudisha kwa hila, anamvuta kando langoni kama mwenye neno la faragha, anamchoma tumboni. Amani ya taifa zima ikatikiswa na mtu mmoja, tena wa upande uleule uliokuwa unaitafuta. Na alikuwa na sababu. Aliyewahi kumzika mdogo wake hawezi kumwambia hakuwa nayo.

Vijana wetu wengi hawajui kwamba mwaka 1996 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha hapahapa Mwanza wanasiasa wa Burundi, wa vyama vya FRODEBU na UPRONA, wakati nchi yao inaungua. Mazungumzo yale hayakuzaa mapatano. Rais wao alikuwa Sylvestre Ntibantunganya, Mhutu, ambaye mkewe aliuawa katika jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa Kitutsi la Oktoba 1993, lililomuua pia Rais Melchior Ndadaye. Kwa hiyo naye alikuwa na sababu yake, kama Yoabu. Julai 1996 Watutsi zaidi ya 300 waliuawa Bugendana, na yeye akaenda kuwazika. Waombolezaji wakamrushia mawe. Tarehe 25 mwezi huohuo jeshi likamweka Meja Pierre Buyoya madarakani.

Daudi naye alitembea nyuma ya jeneza la Abneri, akalia kwa sauti, akakataa kula mpaka jua lizame. Maandiko yanasema watu walipendezwa. Ntibantunganya alikwenda msibani vilevile, akapokewa kwa mawe. Tusidanganyane: anayelia kwenye kaburi la upande wa pili hajaahidiwa kwamba atapokewa vizuri. Mapatano ya Burundi yalisainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, Mwalimu akiwa ameshafariki na Mandela ameshika nafasi yake, na hata hapo risasi hazikunyamaza kwa miaka kadhaa.

Mimi kwa Daudi nina neno moja. Mstari wa 39 anajitetea kwamba yeye ni dhaifu na wana wa Seruya, yaani Yoabu na nduguye, ni wagumu kwake. Akamwachia Mungu amlipe Yoabu, kisha akaendelea kumtumia vitani miaka yote, mpaka alipokaribia kufa ndipo akamwagiza Sulemani ammalize (1 Wafalme 2). Alilia kweli, siwezi kulikana hilo, lakini alimhitaji muuaji.

Jumatano tutawaombea majemadari wa Sudan kwa majina, Burhan na Dagalo. Mwaka 2021 walitwaa madaraka pamoja, na tangu Aprili 2023 wanapigana. Tuwaombee pia makamanda wao wa pande zote mbili waliozika ndugu, maana mara nyingi meza ya mazungumzo huvunjikia kwao. Na kila mmoja aje na jibu lake: siku ile ya mazishi, Daudi angemfanya nini Yoabu, huku vita havijaisha na bado anamhitaji?