Alasiri Ile Peramiho

Jumamosi iliyopita jumuiya yetu ilikuwa ikisali Injili kwa utaratibu uitwao Hatua Saba, na tulipofika hatua ya nne, ile ya kukaa kimya baada ya kusoma, mtoto mdogo wa jirani aliyekuwa amepakatwa na mama yake aliinua uso, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa sauti iliyosikika na wote: "Mama, nani amekasirika?" Mama akamziba mdomo kwa kiganja, watu wakacheka, na mwenyekiti, ambaye hata siku nyingine hapendi kimya kirefuke, akaanzisha wimbo tukaendelea na hatua ya tano.

Swali lile halikunitoka. Mtoto alisema anachokiona nyumbani, maana katika nyumba zetu nyingi mtu akinyamaza ujue amenuna au kuna jambo limemkaa rohoni, na kimya kikizidi watoto hujifunza kupita kwa kunyata. Hatua Saba tulizipokea kutoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, zikaenea katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za nchi zetu, na waliozitunga waliweka kimya katikati kabisa, baada ya kusoma na kabla ya kushirikishana, ili Neno lisitoke kitabuni likaingia moja kwa moja midomoni mwetu. Lakini sisi, na nadhani si jumuiya yetu peke yake, hatua hiyo tunaipita kama mtu anayevuka barabara. Wapo wenye haraka ya kuwahi gulioni, hilo ninalielewa. Hata hivyo ninaamini haraka si sababu yote. Kimya tunakiogopa. Mimi nilikiogopa hadi mwaka ule tulipomzika mdogo wangu, na hofu ile ilianza kulegea alasiri moja Peramiho, kwenye abasia ya wamonaki Wabenediktini karibu na Songea, nikiwa nimeketi na bruda mzee, mtawa asiye padre, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuzibwa na umri.

Mdogo wangu alifariki kwa ajali, na habari zake sitazirudia. Ninachokumbuka zaidi kuhusu msiba ule ni wingi wa maneno. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi. Tujikaze, sote tuko njia hiyo hiyo. Nilipokea pole hizo kwa mikono miwili, kwa sababu waliozitoa walikuwa wamelala chini uani kwetu usiku kucha, na kwa kuwa ni mimi katekista, mwalimu wa dini wa kanisa letu, maneno hayo hayo niliyasema pia mbele ya watu nikiongoza sala za jioni. Miezi ikapita. Nikafundisha, nikazika watu wengine, nikaongoza ibada za Jumapili ambapo padre hakufika. Ilipofika Julai parokia ilipeleka makatekista Peramiho kwenye mafungo ya kiroho, nami nikawa mmoja wao.

Peramiho si mahali pa kimya kwa maana ambayo mgeni angeitarajia. Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni hiyo mwaka 1898, ikachomwa moto mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, ikajengwa upya, na leo kando ya abasia kuna hospitali kubwa, kuna shule, kuna karakana, na watu hupita tangu alfajiri. Ukimya wa wamonaki umewekwa ndani ya shughuli zote hizo kwa ratiba. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inaanza kwa kumwagiza mwanafunzi asikilize na kuinamisha sikio la moyo wake, kisha inaingia katika mambo madogo kabisa ya utekelezaji: mezani mmoja asome na wengine wale bila kuzungumza, na baada ya sala ya mwisho ya usiku asiwepo anayesema na mwenzake. Nilipenda jambo hilo mapema, kwamba kusikiliza kumepangiwa saa kama vile kulima na kupika kulivyopangiwa, wala hakukuachwa kungoje mtu ajisikie vizuri.

Bruda aliyetuongoza alikuwa fundi seremala maisha yake yote. Ulipozungumza naye aligeuza kichwa, akakupa sikio la kulia, na macho yake yakabaki yakitazama pembeni, hata mtu akadhani hajali, kumbe ndivyo alivyoweza kulinasa kila neno. Asubuhi alitusomea 1 Wafalme sura ya 19, habari za nabii Eliya mlimani Horebu, akaisoma mara tatu, taratibu, akiacha nafasi kati ya kusoma na kusoma. Alitueleza kwamba wamonaki wamesali hivi kwa karne nyingi, na kwamba Guigo, mkuu wa watawa Wakartusi katika karne ya 12, aliipanga sala hiyo katika ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia tu mbele za Mungu. Hakutuhubiria. Alituambia twende tukakae na neno moja, lolote lililotugusa, tusilitafutie maana ya kuwafundisha wengine. Kwa katekista agizo hilo ni gumu kuliko kufunga chakula.

Mimi, kama wengi, nilichukua ile "sauti ndogo, ya utulivu" iliyokuja baada ya upepo, tetemeko na moto. Mchana kutwa niliitafuta. Sikusikia kitu.

Alasiri kila mmoja alipata nafasi ya kuonana na bruda. Tuliketi kwenye benchi refu la mbao, kivulini, mimi upande wake wa kulia. Nikamweleza habari za mdogo wangu kwa mpangilio mzuri, kama mtu aliyekwisha kuzieleza mara nyingi, nikamaliza kwa kusema kwamba tumeyapokea mapenzi ya Mungu. Nikangoja aseme neno. Bruda hakusema. Kichwa chake kilibaki kimegeuzwa vile vile, sikio kwangu, mikono yake mikubwa ikiwa juu ya magoti, na kidole gumba kimoja, kile ambacho ukucha wake ulikuwa umepasuka zamani ukaota kwa kujikunja, kikisugua taratibu ukingo wa benchi, kama anayepima iwapo mbao imepigwa randa sawasawa.

Nilidhani hakunisikia. Nikataka kurudia kwa sauti kubwa zaidi, nikaona si adabu. Nikaanza kusikia vitu vingine. Jua lilikuwa linashuka na baridi ya Julai inaingia, na mabati ya paa la karibu yalikuwa yanajikunyata, yakilia moja moja, ka, ka, kwa vipindi visivyolingana. Mbali kidogo mtu alikuwa anamwaga maji kutoka ndoo hadi ndoo. Hua alikuwa mtini, ananyamaza, anaanza tena. Niliisikia pumzi ya bruda, nzito kidogo, ikitoka puani, na baadaye nikaisikia ya kwangu, ambayo ilikuwa fupi na ya juu juu kama ya mtu aliyekuwa anakimbia. Sijui tulikaa muda gani. Najua kwamba kivuli kilikuwa miguuni petu tulipoanza na kwamba kilikuwa kimevuka njia ya kokoto nilipojisikia ninasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga:

"Bruda, tangu tumzike sijamwuliza Mungu hata swali moja. Ninaogopa atanyamaza."

Aliitikia kwa kichwa, na hata hapo hakufanya haraka.

"Nami nimenyamaza muda wote huu," akasema. "Uliona nimeondoka?"

Nikasema hapana.

Kisha akanionyesha jambo katika somo lile ambalo sijawahi kuliona, ingawa nimelifundisha watoto wengi. Mungu anamwuliza Eliya, unafanya nini hapa? Eliya anatoa malalamiko yake: wamebomoa madhabahu, wamewaua manabii, nimebaki peke yangu. Upepo unapita, nchi inatetemeka, moto unawaka, sauti ndogo inakuja, na Mungu anauliza swali lile lile, naye Eliya anajibu kwa maneno yale yale, hajabadilisha hata moja. "Wewe mchana wote umetafuta sauti ya Mungu," bruda akaniambia. "Soma tena, umwone Mungu anavyosikiliza. Mtu anamlalamikia mara ya pili jambo hilo hilo, na hamkatizi." Alisema pia habari za rafiki za Ayubu, walioketi naye chini siku saba bila kumwambia neno kwa kuwa waliyaona maumivu yake ni makubwa mno, na akasema kwamba mambo yao yaliharibika walipoanza kuhubiri. Kengele ya sala ya Masifu ya Jioni ikalia, akainuka kwa kujishikiza begani mwangu, tukaenda kanisani.

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi tangu siku hiyo, na kuna mahali halinitoshi. Bruda nilikuwa ninamwona. Nilisikia pumzi zake. Kimya cha mtu aliyeketi karibu nawe kina ushahidi wake, na kimya cha Mungu mtu anakipokea kwa imani, na zipo alfajiri ninapokaa na somo la siku nisisikie chochote isipokuwa majogoo na mawazo yangu mwenyewe. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nimejifunza kutofautisha kila mara. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba siku hizi ninauliza, na kwamba nikisikia moyo wangu unakimbilia kutunga jibu ili kujaza nafasi, ninaurudisha kwenye neno moja, kama tulivyoelekezwa, kisha ninangoja.

Jaribio lenyewe lilinikuta niliporudi nyumbani. Ulikuwa msimu wa kupukuchua mahindi. Jioni nilimkuta mama jikoni ameketi mkekani, ungo mbele yake, nikavuta kigoda, nikachukua hindi kutoka kwenye lundo, nikaanza kumsaidia. Kwa kawaida ningeleta mazungumzo: habari za mafungo, salamu za watu. Safari hii nilinyamaza, na nilifanya hivyo kwa kukusudia, nikisikiliza punje zinavyoanguka. Lundo lilikuwa limepungua nusu mama aliposema, bila kuniangalia, "Mimi nilimwambia Mungu, baba. Nilimwambia anichukue mimi amwache mtoto. Hakunisikia."

Mama yangu ni mwanachama wa chama cha Wanawake Wakatoliki tangu ujana wake, ana skafu na kadi, na tangu mazishi hakuwahi kumtaja marehemu kwa namna hiyo. Majibu yote yalinijia mdomoni, yale ninayoyajua kwa moyo, na si majibu ya uongo, ninayaamini. Nikayazuia. Nikamgeuzia uso, nikamsikiliza. Akaendelea. Alinieleza jinsi usiku ule alivyopiga magoti mlangoni, alichoahidi, alivyomsikia mtu wa kwanza akija na habari akatambua kwa mwendo wake kabla hajafungua kinywa. Akafika mwisho, akaanza upya, akarudia ile ile ya kwamba hakusikiwa, na mara ya pili pia sikumkatiza. Tulipomaliza mahindi alipeta ungo, akaniambia nikaoge, maji yamechemka.

Siku chache baadaye nilimweleza paroko wangu, kwa ruhusa ya mama. Alinisikiliza vizuri, naye ni mchungaji mwema. Lakini aliniambia kwamba katekista akimsikia mwamini anasema Mungu hakumsikia hana budi kumsaidia aione imani yake, kwa upole na kwa wakati wake, asije akaachwa humo peke yake. Hoja hiyo ina uzito, na sikuwa na la kumjibu. Mama hajalisema tena neno lile, wala sijui kama limemtoka au limerudi ndani. Misa anakwenda. Nikiwa naye jikoni jioni huwa ninajiuliza kama wakati wa kusema umefika, au kama bado ana la kusema yeye.