Sekunde mbili za Chávez

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku ukarudi saa sita kasoro, usingizi ulishapaa, nikashika simu nikasema naangalia kidogo tu halafu nalala. Kidogo gani sasa. Nimekaa mpaka adhana ya alfajiri naangalia mapambano ya Julio César Chávez, yule bondia wa Meksiko, moja likiisha naweka jingine, bando la wiki nzima kwishney. Na nimejua kabisa kwanini nilikuwa namtafuta yeye na si mtu mwingine, ila nitafika huko.

Chávez nilimjua kwa baba mdogo, Tanga, nikiwa darasa la tatu. Alikuwa na mkanda mmoja wa video aliopewa na baharia, umerekodiwa Marekani kwenye tv, na deki yetu ilikuwa ya mfumo mwingine kwa hiyo picha ilitoka nyeusi na nyeupe, na mistari inapanda inashuka. Nimekuja kujua ukubwani kwamba kile kitambaa anachofunga kichwani akiingia ulingoni ni chekundu! Inasemekana alianza kukivaa 1987 kwenye pambano na Edwin Rosario, aliambiwa jamaa anamroga, picha yake imetumbukizwa kwenye barafu, basi avae nyekundu kuvunja uchawi. Baba mdogo angeijua hii stori angecheka wiki nzima. Rosario mwenyewe alipigwa jicho likaziba, raundi ya 11 wakasimamisha.

Kitu ambacho mkanda haukutuambia ni alikotoka. Kazaliwa 1962 Ciudad Obregón ila kakulia Culiacán, jimbo la Sinaloa, baba yake mfanyakazi wa reli, na familia nzima, watoto kumi hivi, walikuwa wanakaa kwenye behewa la treni lililoachwa. Mama anafua na kupiga pasi nguo za watu. Chávez kasimulia mara nyingi kwamba alikuwa mtoto akamwambia mama yake iko siku nitakununulia nyumba na hutafua tena nguo za mtu. Sisi tuliokulia karibu na reli tunalijua behewa la chuma saa saba mchana lilivyo, unaweza kukaanga yai humo.

Akaanza ngumi za kulipwa Februari 1980, ana miaka 17, hapohapo Culiacán. Kuna pambano moja 1981 alimpiga mtu baada ya kengele, refa akamtoa, kesho yake matokeo yakageuzwa akapewa ushindi. Wanaosema rekodi yake ina mkono wa nyumbani wanaanzia hapo na mimi siwezi kuwabishia sana. 1984 akachukua mkanda wa kwanza wa ubingwa wa dunia, wa WBC (Baraza la Ngumi Duniani), kwa kumsimamisha Mario Martínez pale Los Angeles, baadaye akachukua kwenye uzito wa lightweight na super lightweight, uzito tatu ukihesabu na ule wa kwanza, na mpaka Januari 1994 alikuwa kacheza mapambano 90, kashinda 89 na sare moja. Karibu miaka 14 hajapigwa!

Sasa namna alivyokuwa anapigana. Usiku huu nimeangalia miguu yake zaidi kuliko mikono. Haruki wala hachezi shoo, anasogea tu hatua moja ndogo mbele, kichwa kinayumba kidogo, ngumi ya mwenzake inapita sikioni, halafu mkono wa kushoto unaingia chini ya mbavu upande wa kulia, kwenye ini. Wameksiko wana jina lake kabisa, gancho al hígado. Ukipigwa kichwani unaanguka hujui kitu, ukipigwa ini unajua kila kitu ila miguu inakataa. Ukimwangalia aliyepigwa utaona sekunde moja hivi hakuna kinachotokea, anasimama kama anakumbuka kitu alichosahau nyumbani, halafu anakaa chini. Baba mdogo alikuwa anatuonyesha kwa mto wa kochi, "hapa, hapa, usiende usoni, uso una mifupa". Mama mdogo analalamika mto wake unatoka pamba.

Na ule mkanda wa video wa baba mdogo ulikuwa pambano moja tu, Machi 17, 1990, Las Vegas, Chávez na Meldrick Taylor. Taylor kijana wa Philadelphia, medali ya dhahabu ya olimpiki 1984, mikono mepesi ajabu, hajawahi kupoteza. Kama hujaliona, Taylor anashinda raundi baada ya raundi, anarusha ngumi nne Chávez anarusha moja, ila hiyo moja ukiisikiliza (sauti ilikuwa nzuri kuliko picha) ni nzito. Kufika raundi ya kumi uso wa Taylor umeshakuwa mwingine, mdomo unavuja, anameza damu yake. Kwa majaji wawili alikuwa anaongoza mbali, 107-102 na 108-101, yani alikuwa anahitaji kusimama tu amalize. Badala yake makocha wa kona yake wakamtoa akapigane raundi ya 12, ya mwisho, kama vile anadaiwa, na Chávez mwisho mwisho akamnasa na mkono wa kulia kwenye kona, chini. Taylor akashika kamba akainuka, refa Richard Steele akahesabu, akamuuliza uko sawa, Taylor hajibu, kageuza macho pembeni ambako kocha wake Lou Duva kapanda ukingoni mwa ulingo anapiga kelele. Steele akapunga mikono, pambano limeisha, Chávez kashinda. Zimebaki sekunde mbili. MBILI.

Baba mdogo alikuwa anasimamisha mkanda hapohapo. Kwake Steele alikuwa sahihi mia kwa mia, "mtu kaulizwa hajajibu, unataka afe ndo ajibu?" Babu yetu upande wa mama alikuwa anasema ni wizi, Chávez alishafungwa, refa kanunuliwa, na wakibishana hapo chai inapoa. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa na babu. Taa ya kuonyesha zimebaki sekunde kumi ilikuwa inawaka, kwanini usimwache mtoto wa watu. Usiku wa jana nimeangalia tena kwa rangi, nimeona ile damu kwa rangi yake, na hospitali walimkuta na mfupa wa uso umevunjika, na miaka ya mbele Taylor akiongea maneno yalikuwa hayanyooki tena. Sasa sijui niko upande gani.

Baada ya hapo umaarufu ukawa wa kutisha. Februari 1993 alijaza uwanja wa Azteca Mexico City, zaidi ya watu 130,000 kuangalia NGUMI, mpinzani Greg Haugen alikuwa kajitapa kwamba waliopigwa na Chávez wote ni madereva teksi wa Tijuana ambao hata mama yake angewaangusha. Akachezea kichapo raundi tano na baadaye akakubali kwamba basi hao madereva lazima walikuwa wagumu. Septemba mwaka huohuo akatoka sare na Pernell Whitaker, San Antonio, na hapa naomba wanaompenda wanisamehe, ile sare ilikuwa zawadi, Whitaker alimfundisha shule usiku mzima. Januari 1994 Frankie Randall akamdondosha kwa mara ya kwanza maishani na kumshinda kwa pointi, halafu 1996 Oscar De La Hoya, kijana ambaye wazazi wake ni Wameksiko, akamchana uso raundi nne tu. Mashabiki wengi pale walikuwa wanamzomea kijana aliyeshinda. Aliendelea mpaka 2005, alipita muda wake sana, rekodi ikasimama ushindi 107, kupoteza 6, sare 2.

Ila muda wote huo alikuwa na mpinzani mwingine, kokeini na pombe, na yeye mwenyewe ndiye anayesimulia, haoni haya. Mtu aliyemtoa mama yake kwenye behewa alifika mahali haaminiki na pesa yake mwenyewe. Nimesikiliza mahojiano yake yenye maandishi chini, anaeleza jinsi wanawe walivyompeleka kliniki bila hiari yake, wakamfungia, na yeye akaapa atawashughulikia akitoka. Alipotoka akawa safi, kisha akafungua kliniki zake mwenyewe za watu kama yeye. Halafu wanawe nao wakapita njia ileile ya vitu hivyo, ikawa zamu yake kuwapeleka wao. Hiyo sehemu niliisimamisha, nikaweka simu kifuani nikaangalia dari.

Maana sisi wiki tatu zilizopita tulifanya hivyohivyo. Baba mdogo gongo ilishamchukua, kazi ya ufundi redio aliacha siku nyingi, deki ile aliiuza na mkanda ndani yake. Wadogo zangu, yani wanawe wawili, walikodi Noah, tukaja usiku na mjomba, tukamkuta kalala kibarazani. Aliamka tukiwa njiani. Hakupigana, na ndicho kilichoniuma, nilijiandaa atapigana. Alikaa kati ya watoto wake akawaangalia mmoja mmoja, akasema "nyie mmeniuza", kisha kimya mpaka tunafika soba hausi. Getini mimi ndo nilisaini kwa sababu wale wadogo mikono ilikuwa inatetemeka. Mama mdogo aliniuliza mwanangu una uhakika, nikamwambia ndio, nilikuwa sina.

Kule simu wanazishika wao, ndugu mnaongea Jumapili dakika kumi. Wiki ya kwanza alikataa kuja kwenye simu. Ya pili alikuja akasema mleteeni sabuni, akakata. Leo ni siku ya 19, nikapiga nikiwa na macho mekundu ya kukesha, nikamwamkia shikamoo baba mdogo, akaitika vizuri, sauti yake ilikuwa nyembamba ila ni yake. Nikakosa la kusema. Nikamwambia jana nimeliangalia lile pambano la Chávez na Taylor, lina rangi, kitambaa ni chekundu.

Kimya kidogo, nasikia watu wanaosha vyombo nyuma yake.

"Chekundu?"

"Chekundu kabisa baba."

"Mimi siku zote nilijua kijani. Kama bendera yao." Akakohoa. "Na Steele je, umemwona? Alimuuliza au hakumuuliza?"

"Alimuuliza, mara mbili. Ila baba, zilibaki sekunde mbili bwana, angemwacha."

"Angemwacha aende wapi?" akasema, na akaanza kunipanga upya toka raundi ya kumi mpaka kijana wa kule akamwambia mzee muda umeisha, naye anamjibu subiri, subiri kwanza, huyu mtoto haelewi ngumi.