Songosongo, kwenye kamba za mwani

Mashua za kisiwa cha Songosongo hutoka Kilwa Kivinje bahari ikitaka, si abiria wakitaka. Pwani ya Kivinje ni tope na mikoko, kwa hiyo tulikaa kivulini hadi alasiri, maji yalipojaa, ndipo nahodha akatuita. Tulipakia magunia ya unga, kuku, ndoo na marobota ya kamba za plastiki za akina mama wa mwani. Upepo wa kusi ulitusukuma kwa nyuma, tukafika giza likiingia. Taa zinazong'aa kule ni za mitambo ya gesi, ile inayokwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004.

Mimi gesi haikunipeleka, nilifuata mwani. Mwenyeji wangu ni shangazi wa rafiki yangu, nami nikamwita shangazi.

"Lala mapema, mwanangu. Kesho bamvua."

Bamvua ni siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekwenda mbali mno, na wanawake wametapakaa kwenye maji ya magotini. Shamba la mwani ni mambo, yaani vigingi, zilizopigwa mchangani, kamba zikavutwa kati yake, na kwenye kila kamba vishada vya mbegu vimefungwa kwa taitai, vijikamba vyembamba. Hakuna mbolea wala dawa. Mwani unakula kilichomo ndani ya maji. Baada ya wiki sita hivi unavunwa, na kipande kinabaki kuwa mbegu. Nilijaribu kufunga. Shangazi alimaliza kamba nzima mimi nikihangaika na fundo, mgongo unawaka. Kisha kuna kuanika: kilo saba hadi kumi za mbichi hutoa kilo moja kavu, na mvua ikinyesha juu yake, bei inaanguka. Huko ng'ambo hutolewa karajinani, ile inayofanya dawa ya meno na aiskrimu zishikane.

Ule mwani mkubwa wa kahawia, kelpu, wanaolima China na Korea, unataka maji baridi, hapa ungekufa. Hapa mwani unaolimwa ni wa aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo inayodeka. Jua likichoma maji ya kina kifupi, matawi yanageuka meupe, yanalainika na kukatika. Shangazi alinionyesha kamba tupu, taitai zikining'inia.

Wataalamu wanasema wakulima wahamie maji ya kina, kwenye kamba zinazoelea kwa maboya, ambako hakuna joto kali. Ushauri ni sahihi kabisa. Lakini nilipowauliza wale akina mama, jibu lilikuwa moja: wengi hawajui kuogelea, na mashua ni za waume zao au za wavuvi. Kina kifupi mwanamke anaingia kwa miguu yake mwenyewe. Kina kirefu lazima aombe kupelekwa, na aliyempeleka atataka fungu. Kwa maoni yangu mradi wowote usioanza na chombo chao wenyewe na mafunzo ya kuogelea utawatoa wanawake kwenye mwani, si kuupeleka mwani kwenye kina.

Shangazi aliwahi kualikwa semina ya mambo hayo, ikafanyika ukumbini, picha zikaonyeshwa ukutani, wakalishwa wali.

"Ukipita huko mjini waambie," akasema huku akisuuza matope miguuni, "safari nyingine walete mashua. Wali tutapika wenyewe."