Toroli la jirani

Alfajiri ya leo jirani kapita na toroli lake la majani ya ng'ombe, gurudumu halijaonja grisi tangu Krismasi, kwii, kwii, kwii, nami nikajikuta nimekaa kitandani nimekunja ngumi. Mama watoto hakuuliza kitu, anajua.

Machela ya mlimani nayo ina gurudumu moja, na usiku ule ilikuwa inalia hivyohivyo. Nilikuwa bado najitolea na timu ya uokoaji Kilimanjaro, hili goti halijaanza visa. Redio ikaita, mgonjwa kambi ya Kibo, tukapanda toka kambi ya chini yake, Horombo, tukijua ni mgeni tu, kumbe mgumu mwenzetu, yaani mbeba mizigo, kijana, anakohoa mapovu mekundumekundu. Pale ni mita 4,720, mapafu yakishaanza kujaa maji oksijeni inakununulia muda tu, dawa ni kushuka. Tukamtia kwenye slipingibegi, mikanda, buti zake tukazitundika kwenye bomba la machela, haooo.

Njiani, pale panapoitwa Maji ya Mwisho, tukasimama kubadilishana. Nikainama nimsikilize kifua, kinatokota kama uji wa ulezi, yaani mpaka leo uji ukianza kuchemka mi natoka jikoni. Akatoa mkono akanishika koti. Nikajua sasa ananiachia salamu za mama yake, nikasogeza sikio. "Kaka, viatu. Vya kukodi. Vinatakiwa Jumamosi." Nikamwambia mdogo wangu, pumua kwanza. Haachii. Nikavimulika na tochi: buti la mtu mzima, vidoleni kajaza gazeti, upande mmoja kamba yake, upande mwingine katani. Ikabidi nivivae shingoni avione, ndo akaachia koti. Toka hapo ni gurudumu linalia na buti zinanipiga kifuani, kwii, pu, kwii, pu.

Horombo gari la njia ya Kilema lilikuwa linangoja, wakampakia, bado anapumua, sisi tukanywa chai.

Jumamosi nikavipeleka Moshi mjini. Mwenye duka kavigeuzageuza, soli imeachia, elfu tano. Nikalipa nikadai na risiti, sijui nilitaka kumwonyesha nani, maana jina la yule kijana sikuuliza na sijawahi kukutana naye tena. Au nimekutana naye sokoni nikampita tu, usiku ule nilimulika viatu kuliko sura.

Jirani anarudi na toroli saa hizi. Nina grisi stoo, lakini sijampelekea.