Mwanangu alivyokatwa udata (utando unaobana ulimi kwa chini), na kunyonya kulivyorudi

Mwanangu alikuwa ananyonya muda mrefu na hashibi. Anashika titi, linamponyoka, analia, analitafuta tena. Kila akivuta nasikia "tk, tk", na maziwa yanamtiririkia shingoni. Chuchu ilikuwa inatoka imebapa, ina mstari mweupe, mwishowe ikachanika. Akianza tu kutafuta titi, mimi tayari nimeuma meno.

Mama mkwe alisema ni kimio, tumpeleke akakatwe mtaani. Nilimwambia kwa adabu, "Hapana mama, twende kliniki kwanza." Kimio kiko kooni, hakihusiki na kushika titi, na kukikata kienyeji kumeleta damu isiyokatika na pepopunda kwa watoto wengi. Hapo sikuwa tayari kulegeza.

Kwenye mzani ikaonekana hajarudia uzito wa kuzaliwa, na wiki mbili zilishapita. Nesi hakukimbilia mdomo. Alisema, "Mama, mnyonyeshe nikuone." Akanirekebisha mkao, akahakikisha mtoto anachukua titi na siyo chuchu tu. Kisha akapitisha kidole chini ya ulimi. Mtoto alipolia nikaona mwenyewe: ncha imeingia ndani kama kopa, ulimi hauvuki ufizi.

Akanieleza kuwa udata siyo lazima ukatwe, wapo watoto wenye utando huohuo wanaonyonya vizuri kabisa. Basi tukaanza na mkao, na maziwa niliyokamua kwa mkono nikampa kwa kikombe. Maumivu yalipungua, uzito ukawa unapanda kwa kusuasua. Ndipo tukapewa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari aliuliza kama mtoto alichomwa vitamini K na kama kwenye ukoo kuna tatizo la damu kutoganda. Tukamviringisha kwenye khanga, nesi akashika kichwa, ulimi ukainuliwa, mkasi ukapita. Damu matone machache, nikamnyonyesha palepale. Baadaye kidonda kilikuwa na utando mweupe wenye umanjano. Nilishaambiwa siyo usaha, vidonda vya mdomoni hupona hivyo.

Hakubadilika siku hiyohiyo, ilibidi ajifunze upya kunyonya. Ila "tk, tk" ilipungua, na mimi nikapona.

Mama mwenye shida hii, omba utazamwe ukinyonyesha, usikubali mtoto aangaliwe mdomo tu. Hesabu na nepi: baada ya siku ya tano zilowe 6 au zaidi kwa siku. Zikipungua na mtoto amelegea, mpeleke siku hiyohiyo.