Datsun iliyokuwa inazima ukiachia ufunguo

Pikapu yangu ni Datsun 1200, na niliitoa platini (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa cheche za plagi) nikafungiwa moduli ya kielektroniki ya kufanya kazi hiyo ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Mwanzoni ilikuwa raha, stata moja tu imewaka. Baadaye vituko vikaanza. Ukishika ufunguo kwenye stata inawaka, ukiuachia inazima. Ikikubali kuendelea, injini ikipata moto inamisi, na usiku ukiwasha taa ndiyo kabisa.

“Bosi, hiyo ni kabureta, tuifungue,” fundi akaniambia. Nikamwomba asubiri. Mafuta hayajui ufunguo uko wapi.

Kwenye Datsun hizi kuna rezista, kijiwe cheupe cha kauri kinachopunguza umeme, pembeni ya koili inayotengeneza cheche. Ukipiga stata, umeme unaikwepa na kwenda kwenye koili moja kwa moja; ukiachia, unapita humo na kupungua. Platini hazikujali. Moduli inataka volti 12, na waya wake mwekundu wa kuingizia umeme ulikuwa umeungwa kwenye chanya ya koili, yaani baada ya rezista.

Kupima hapa kuna ujanja wake. Swichi ikiwa on na moduli haijapitisha mkondo, mita inasoma volti 12 na utaapa kwamba umeme upo wa kutosha. Mkondo ukipita, koili ya omu 1.5 na rezista ya omu 1.5 zinagawana volti hizo nusu kwa nusu. Kwa hiyo nilipima kwenye waya mwekundu injini ikinguruma, mkondo ukiwa unapita na kukatika na mita ikisoma wastani: volti 8, nikiwasha taa 7.

Kabla ya kukata chochote nikavuta waya wa majaribio toka chanya ya betri hadi moduli. Misi ikaisha palepale. Basi waya mwekundu tukauhamishia upande wa rezista unaotoka kwenye swichi. Koili hatukuigusa, maana ile bila rezista inaungua, na moduli nayo.

Slensi, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, bado ilikuwa inatetemeka. Ncha moja ya mita nikaiweka kwenye distributa, nyingine hasi ya betri, fundi akapiga stata: karibu volti 1, wakati inatakiwa iwe karibu na sifuri. Waya wa ethi wa injini, unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, ulikuwa na kutu ya kijani chini ya boliti. Tukapiga msasa, tukakaza, ikatulia.

Siku hizi nikitaka redio bila injini, ufunguo naubakiza kwenye asesori, hatua ya kabla ya on. Swichi ikikaa on muda mrefu, koili na moduli vinaweza kupata moto hadi vikaungua.